Bango la Bull Ring na Safari ya Kosa la Uchochezi

Mtaa wa Digbeth mjini Birmingham unateremka kutoka kanisa la Mtakatifu Martin kuelekea mto Rea. Juu yake kidogo ndipo ulipo uwanja wa Bull Ring, soko la kale ambalo leo limezungukwa na maduka makubwa. Mwaka 1839 uwanja huo ulikuwa baraza la wasio na kura. Baada ya kazi, mafundi na vibarua walikusanyika pale kuijadili Hati ya Watu, iliyodai, pamoja na mengine, kwamba kila mwanamume mzima apige kura, tena kwa siri.

Mahakimu wa mji walipiga marufuku mikutano hiyo. Tarehe 4 Julai waliletwa askari polisi wapatao 60 kutoka London kwa gari moshi, njia ambayo haikuwa imetimiza hata miaka miwili, wakawaingilia watu kwa virungu. Watu nao waliwageukia, na polisi wakaokolewa na wanajeshi. Yafaa kukiri kwamba amani haikuwa ya upande mmoja wala fujo haikuwa ya upande mmoja. Ila aliyeanza kupiga anajulikana.

Asubuhi yake William Lovett, seremala wa samani na katibu wa Baraza Kuu la harakati hiyo, aliandika maazimio ya kulaani kitendo kile. Lovett aliamini nguvu ya hoja kuliko ya mikuki, na wenzake wengi walimwona baridi mno. Hata hivyo ni yeye aliyeshika kalamu, akataka jina lake pekee liwekwe chini ya bango, ili kama ni kutoa kafara, atolewe mmoja. John Collins, fundi wa Birmingham, aliyapeleka maandishi kwa mpiga chapa. Kwa kosa hilo la kubeba karatasi, alikamatwa pamoja naye tarehe 6 Julai.

Mwezi Agosti, huko Warwick, Lovett alijitetea mwenyewe bila wakili. Hakushtakiwa kwa kurusha jiwe. Alishtakiwa kwa kashfa ya uchochezi, yaani kuandika jambo la kuwatia watu chuki dhidi ya dola. Kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 12. Afya ya Lovett iliharibika gerezani. Serikali ilipotaka kuwaachia mapema kwa sharti la kuweka dhamana ya mwenendo mwema, walikataa: kukubali kungekuwa kukiri kwamba mwenendo wao ulikuwa mbaya. Ndani ya kuta hizo waliandika kitabu kuhusu elimu ya watu na haki yao ya kujitawala, kilichochapishwa mwaka 1840.

Sheria husafiri kama bidhaa. Kosa la uchochezi lilifika Afrika Mashariki pamoja na ukoloni, na bendera ya Uingereza iliposhushwa, lenyewe lilibaki. Kwa kosa hilo Abdilatif Abdalla wa Mombasa, mwanachama wa KPU, alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijitabu kilichouliza tangu jalada lake: Kenya twendapi? Hukumu ya kwanza ilikuwa ya miezi 18. Ni upande wa mashtaka uliokata rufaa ikazidishwa. Mashairi aliyoyaandika kizuizini kwenye karatasi za chooni yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakapata tuzo yenye jina la Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kenya ilifuta kosa la uchochezi mwaka 1997. Uingereza, iliyolitunga, ilingoja hadi 2009.

Kwingineko kosa limebadilishwa jina tu. Nchini Uturuki Selahattin Demirtaş, mwanasiasa wa Kikurdi na mwenyekiti mwenza wa chama cha HDP, alikamatwa Novemba 2016 kwa tuhuma za ugaidi, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa hotuba zake. Naye aliandika hadithi gerezani Edirne, zikatoka kwa jina la Seher mwaka 2017; mwaka uliofuata aligombea urais akiwa humo humo. Mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliagiza aachiwe mara moja. Mei 2024 mahakama ya Ankara ilimhukumu kifungo cha miaka 42.