Kung-fu wushu mjini Kigali

Kung-fu wushu ni jina linalotumika Rwanda kwa sanaa za mapigano zenye asili ya China, kuanzia mitindo ya mikono mitupu na ya silaha hadi sanda, yaani pambano la ana kwa ana la ngumi, mateke na miereka. Kigali ndiyo ngome ya mchezo huu nchini. Msimamizi wake ni Shirikisho la Kung-fu Wushu la Rwanda, na mashindano yanayojulikana zaidi ni Kombe la Balozi, linaloandaliwa kwa ushirikiano na ubalozi wa China.

Kama ilivyokuwa Dar es Salaam na Kampala, vijana wengi wa Kigali waliuona mchezo huu kwenye sinema kabla ya kumwona mwalimu. Filamu za Bruce Lee, tangu The Big Boss ya 1971 hadi Enter the Dragon ya 1973, zilizunguka Afrika nzima, kwanza katika kumbi za sinema na baadaye katika vibanda vya video. Tanzania ilimpata Lufufu, msimuliaji aliyewafasiria watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili huku zikiendelea kuonyeshwa. Rwanda nayo ilikuwa na Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, bingwa wa filamu za kusimuliwa kwa Kinyarwanda ziitwazo agasobanuye. Alifariki 2022. Wasimulizi hawa wanastahili kutajwa katika historia ya mchezo huu, kwa sababu wao ndio waliomfanya mtu asiyejua Kichina wala Kiingereza afuate kisa cha mwanafunzi na mwalimu wake. Huko Wakaliga, Kampala, mapenzi hayohayo yalizaa filamu zenyewe: Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010, akimtumia Robert Kizito, mwalimu wa kung-fu anayejulikana kwa jina la Bruce U.

Sinema ilikuwa njia ya kwanza ya mchezo huu kufika Kigali; njia ya pili ilikuwa ya kiserikali. Rwanda na China zilianzisha uhusiano wa kibalozi tarehe 12 Novemba 1971, na Uwanja wa Amahoro, uliopo Remera, ulijengwa na kampuni ya Kichina katika miaka ya 1980. Mwaka 2009 Taasisi ya Confucius ilifunguliwa katika chuo cha ualimu cha KIE, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Chongqing. Tangu 2013 KIE ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kazi kuu ya taasisi hiyo ni kufundisha Kichina.

Wushu ya mashindano ina matawi mawili. Sanda huchezwa juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8, lililoinuliwa sentimita 80 kutoka sakafuni, kwa raundi za dakika mbili mbili. Atakayeshinda raundi mbili ndiye mshindi. Tawi la pili ni taolu, mfululizo wa mikao, miruko na mapigo yaliyopangwa, ambao kwa kawaida mchezaji huucheza peke yake kwenye zulia la mita 14 kwa 8 mbele ya waamuzi. Hapa ndipo silaha zinapotawala.

Silaha kuu ni nne: dao, upanga uliopinda wenye makali upande mmoja, jian, upanga ulionyooka wenye makali pande zote mbili, gun, fimbo ndefu, na qiang, mkuki, ambao Wachina huuita mfalme wa silaha. Mkuki hufungwa shada jekundu chini ya ncha. Inasemekana shada hilo lilizuia damu isitiririke hadi kwenye mpini, na lilimvuruga adui macho. Leo humwonyesha mwamuzi kama ncha imezunguka sawasawa au imeyumba.

Vipimo vya silaha hutokana na mwili wa mchezaji mwenyewe. Anaushika upanga kwa mkono wa kushoto, mkono ukiwa umening'inia na upanga umesimama wima. Ncha haitakiwi kuwa chini ya ukingo wa juu wa sikio. Fimbo isipungue kimo chake. Mkuki usipungue kimo chake akiwa ameinua mkono juu. Kwa kijana anayekua, hii ina maana ya kubadilisha silaha kila baada ya muda, nayo ni gharama kwa klabu ambayo panga zake hutoka ng'ambo. Fimbo bora ya Kichina hutokana na mti uitwao bailagan, unaopindika bila kukatika. Ikipigwa chini, mtetemo wake hufika hadi kiganjani. Mkaratusi uliotapakaa katika vilima vya Rwanda hutoa fimbo nyofu inayofaa mazoezi, ila haina mnyumbuko huo.

Mnyarwanda ana msingi wake wa kuielewa taolu. Intore, ngoma ya mashujaa iliyolelewa katika makao ya mfalme, huchezwa kwa mkuki na ngao, kichwani umugara wa nyuzi ndefu, miguuni njuga za amayugi. Adui hayupo, lakini kila hatua inamjua alipo. Intore, pamoja na taijiquan, mojawapo ya sanaa za mapigano za China, zimeingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa kitamaduni usioshikika: taijiquan Desemba 2020, intore Desemba 2024. Kwa kuwa msingi wa intore tayari upo, taolu ya silaha, hasa mkuki, ndilo eneo ambalo Kigali ingefaa kuwekeza zaidi kuliko ulingo wa sanda, ambako ndondi na karate tayari zinagombania vijana walewale.

Kimataifa mchezo unaongozwa na Shirikisho la Kimataifa la Wushu, lililoundwa Beijing mwaka 1990, lenye wanachama katika nchi zaidi ya 150. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Beijing 1991. Januari 2020 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiingiza wushu katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyoahirishwa kutoka 2022 hadi 2026 kwa sababu ya UVIKO-19. Michezo hiyo imepangwa kuanza tarehe 31 Oktoba 2026. Ni mara ya kwanza kwa wushu kushindaniwa medali katika programu rasmi ya Olimpiki, na mara ya kwanza kwa michezo ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika.