Umeme wa Uganda: Jina Jipya, Mita Ile Ile

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili mwaka 2025, nchini Uganda lilitendeka jambo kubwa ambalo wananchi wengi walilala bila kuliona. Taa hazikuzimwa kwa ajili yake, wala hakuna fundi aliyepanda nguzo kubadili waya. Hata hivyo, kulipokucha, kampuni binafsi iliyouza umeme majumbani kwa muda wa miaka 20 haikuwa tena na mteja hata mmoja. Wateja wake, waliozidi milioni mbili, walikuwa wamehamia mikononi mwa shirika la serikali, Uganda Electricity Distribution Company Limited, lijulikanalo kwa kifupi UEDCL. Kampuni iliyoondoka ilikuwa imejipa jina la Kiswahili: iliitwa Umeme.

Viongozi walisema kwamba mali ya umma imerudi kwa umma. Lakini katika vyumba vya kupanga vya Kampala, Jinja na Mbale, mama mwenye nyumba hakuuliza ni nani aliyekabidhiwa funguo za ofisi. Aliuliza swali moja tu: je, fedha ile ile aliyonunulia umeme wiki iliyopita itampatia uniti ngapi wiki hii? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani katika hotuba za siku ya makabidhiano. Linapatikana katika historia ya umeme wenyewe.

Umeme wa Uganda ulianza kama jambo la wakubwa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliunda Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, na mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambako Mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria. Bwawa hilo, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilikusudiwa viwanda: nguo za Jinja na shaba ya Kilembe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sehemu ya umeme wake ilikwishaanza kupelekwa Kenya. Waya zilipita juu ya mashamba ya wakulima bila kushuka. Mkulima wa Busoga aliyeishi karibu na bwawa alisikia mngurumo wa maji mchana kutwa, na jioni akawasha kibatari.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962 bodi ilibaki, na watu wa mijini waliokuwa na umeme wakazoea utaratibu wake. Msoma mita alipita nyumba kwa nyumba na kuandika tarakimu katika daftari. Bili ikafuata baadaye. Msoma mita asipofika, bili iliandikwa kwa makadirio. Mwananchi alitumia kwanza, akaletewa hesabu baadaye, na mara nyingi hesabu hiyo hakuielewa. Kisha zikaja fujo za utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata. Vipuri vilikosekana, mafundi wakakimbia nchi, na kufikia mwaka 1986 bwawa lililojengwa kutoa megawati 150 lilikuwa likitoa zipatazo 60 tu. Katika hali hiyo wengi waliacha kulipa, nazo idara za serikali zikiwamo. Waliolipa walipata giza sawa na wasiolipa.

Ndipo katika miaka ya 1990 mawazo yakageuka. Mashirika ya fedha ya nje yalishauri kwamba biashara ya umeme itolewe mikononi mwa serikali, na ushauri huo ulienea katika nchi nyingi za Afrika. Tanzania nayo iliuonja, kwani kuanzia mwaka 2002 hadi 2006 uongozi wa TANESCO ulikabidhiwa kwa kampuni ya NetGroup Solutions kutoka Afrika ya Kusini. Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria ya Umeme ilipitishwa mwaka 1999. Ikaundwa Mamlaka ya kusimamia bei. Na mwaka 2001 bodi ya zamani ikagawanywa mara tatu: shirika la kuzalisha umeme, shirika la kuusafirisha, na shirika la kuusambaza. Tarehe 1 Machi mwaka 2005 kazi ya usambazaji ikakodishwa kwa kampuni ya Umeme, kwa mkataba wa miaka 20.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alifika wakati mbaya. Mwaka huo huo kina cha Ziwa Victoria kilikuwa kikishuka, kwa sababu ya ukame, na kwa sababu maji mengi mno yalifunguliwa kupitia mabwawa mawili ya Jinja. Wavuvi wa Mwanza na Kisumu waliona ufuko ukirudi nyuma. Watu wa Kampala waliona taa zikizimika. Kwa majumba mengi umeme uliwaka siku moja ukakosekana siku ya pili. Serikali ikakodi mitambo ya dizeli, ambayo umeme wake ni ghali kupita ule wa maji, na katika mwaka 2006 bei ilipandishwa mara mbili. Wananchi waliona kampuni mpya, kisha wakaona bei mpya, wakaunganisha mambo hayo mawili.

Hawakukosea kabisa, wala hawakupata kabisa. Sehemu ya bei ililetwa na ziwa na dizeli. Sehemu nyingine iliandikwa katika mkataba, kwani kampuni ilihakikishiwa faida ya asilimia 20 kwa mwaka kwa mtaji iliouweka. Na sehemu ya tatu, ambayo haikuzungumzwa sana, ilitokana na upotevu. Mwaka 2005, katika kila uniti 100 zilizoingia katika waya za usambazaji, zipatazo 38 hazikulipiwa: nyingine zilipotea njiani kwa sababu ya waya chakavu, na nyingine ziliibwa. Gharama ya uniti zile 38 ilibebwa na walionunua 62. Mwizi wa umeme hakumwibia mwekezaji peke yake. Alimwibia jirani yake aliyelipa bili.

Mwezi Januari mwaka 2012 serikali ilipoondoa ruzuku, bei ya uniti moja ya nyumbani iliruka kutoka shilingi za Uganda 385.6 hadi 524.5. Bwawa jipya la Bujagali, la megawati 250, lilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka huo. Umeme ukaongezeka, lakini bwawa lililojengwa kwa mtaji wa watu binafsi lilitaka kurudishiwa mtaji huo, na deni likaingizwa katika bei. Mwaka 2014 Bunge la Uganda lilipendekeza mkataba wa Umeme uvunjwe. Haukuvunjwa, kwani kuuvunja kabla ya wakati kungeligharimu taifa fedha nyingi za fidia.

Huku nyuma, ukutani mwa nyumba za wananchi, yalikuwa yakitendeka mabadiliko mengine, na pengine ndiyo makubwa zaidi. Mwaka 2011 kampuni ilianza kufunga mita za kulipia kabla, zilizopewa jina la Yaka, neno la Kiganda lenye maana ya waka. Mtanzania aliyezoea LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hahitaji kuelezwa mengi. Mteja hulipa kwanza, hupewa tarakimu 20, huzibonyeza katika mita, naye hutumia mpaka uniti zitakapokwisha. Msoma mita akatoweka, na bili ya makadirio ikatoweka pamoja naye.

Faida ya mita hiyo ni dhahiri: mwananchi hudaiwa kile tu alichokitumia. Lakini mzigo nao umehama. Zamani shirika ndilo lililomkopesha mteja. Sasa mteja ndiye anayelitangulizia shirika fedha zake. Zamani mwenye shida alikatiwa umeme na fundi baada ya kuonywa. Sasa hujikatia mwenyewe, usiku, bila mtu kujua. Hesabu za shirika husema kwamba deni limekwisha. Hazisemi ni nyumba ngapi zimelala gizani zikingoja mshahara.

Kwa hiyo kuitambua mita ni sehemu ya elimu ya uchumi wa nyumbani. Uniti moja ni kazi ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa tatu za kisasa za wati 10, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia uniti nne na nusu kwa mwezi. Televisheni ya wati 60, ikitazamwa saa nne kwa siku, hutumia uniti saba na kitu. Pasi ya wati 1,000, ikitumika saa moja kila juma, hutumia uniti nne. Jumla yake inapita uniti 15 kidogo tu. Lakini birika la umeme la wati 2,000 humaliza uniti nzima kwa nusu saa, na jiko la umeme hula zaidi. Mwenye kuzima taa huku akisahau birika anaziba tundu la sindano na kuacha mlango wazi.

Uniti hizo 15 si hesabu ya kubahatisha. Katika utaratibu wa bei za Uganda, uniti 15 za kwanza za kila mwezi huuzwa kwa bei ya unafuu, ambayo katika miaka ya mwisho ya mkataba wa Umeme ilikuwa shilingi 250. Kuanzia uniti ya 16 hadi ya 80, bei ilipanda mpaka zaidi ya shilingi 750. Kisha, kati ya uniti ya 81 na ya 150, ilishuka hadi shilingi 412, ili watu washawishike kupikia umeme badala ya mkaa. Nia ilikuwa njema, kwani misitu inateketea, na matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba hukaa motoni muda mrefu. Lakini tazama hesabu yake. Mwenye nyumba kubwa anayetumia uniti 120 alilipia uniti yake ya mwisho shilingi 412. Mwalimu anayejibana kwa uniti 60 alilipia ya kwake zaidi ya shilingi 750. Ili kuufikia mlango wa unafuu wa kupikia, maskini alitakiwa kwanza apite katika chumba cha bei kubwa kuliko zote.

Lipo na jambo la pili. Katika nyumba nyingi za kupanga, familia nne au tano hutumia mita moja ya mwenye nyumba. Unafuu hutolewa kwa mita, wala si kwa familia. Basi uniti 15 hugawanywa kwa watu wote hao, nazo hukwisha katika siku chache za kwanza za mwezi. Aidha, kila mita hutozwa ada ya huduma ya mwezi, na asiyenunua umeme kwa miezi miwili hukuta ada zote zikimngoja siku atakaponunua. Ndiyo sababu mtu hulipa fedha zile zile mwanzoni na katikati ya mwezi akapata uniti zisizolingana, akadhani ameibiwa. Ndipo vishoka, ambao Uganda huitwa kamyufu, hubisha hodi na kuahidi umeme wa bure, ambao umekwisha kuunguza nyumba na kuua watu.

Haya yote hayakubadilika usiku ule wa Aprili. Mita ilibaki ile ile, na waya ule ule. Serikali ililipa dola milioni 118 kuikomboa mali. Kampuni ikasema inadai zaidi, na mgogoro ukapelekwa London kwa usuluhishi. Mamlaka ilitangaza bei iliyopungua kidogo, kwa kuwa faida ya mwekezaji haikuhesabiwa tena. Lakini miezi ya kwanza ilijaa malalamiko ya umeme kukatika na transfoma kuelemewa, kwani katika miaka ya mwisho ya mkataba fedha za matengenezo zilikuwa zimepungua. Mpangaji anayejua kwamba atahama hapaki rangi ukuta.

Haki nayo itendeke kwa aliyeondoka. Kampuni ilikuta wateja wasiofikia laki tatu ikaacha zaidi ya milioni mbili. Ilikuta upotevu wa uniti 38 katika kila 100, ikauteremsha mpaka zipatazo 17. Huo ndio urithi ambao shirika la umma halina budi kuulinda. Upotevu ukirudi ulikokuwa, bei nayo itarudi juu, na hapo wananchi watakuwa wamenunua jina tu kwa dola zao.

Historia hii inafundisha kwamba mlango wa ofisi unaweza kubadilishwa jina mara mbili katika maisha ya mtu mmoja, kutoka bodi hadi kampuni, na kutoka kampuni hadi shirika, bila uniti moja kushuka bei. Kinachoishusha ni maji yanayotumiwa kwa busara, waya unaotengenezwa kwa wakati, mwizi anayezuiwa bila kujali cheo chake, na mkataba unaosomwa na wananchi kabla haujatiwa saini. Nyumbani, kinachoilinda fedha ya familia ni mtu anayejua mita yake inasema nini. Umma uliorudishiwa mali yake una haki ya kuonyeshwa hesabu zake. Na hesabu ya kwanza ni ile inayosomwa kila jioni ukutani, na mama anayepima kama uniti zilizobaki zitamfikisha mwisho wa mwezi.