Hulka ya Ng'ombe na Ulaini wa Nyama: Historia ya Hoja ya Kisayansi

Utangulizi

Kwa muda mrefu ugumu wa nyama ya ng'ombe ulielezwa kwa umri wa mnyama, malisho yake na mbegu yake. Hulka, yaani namna mnyama anavyopokea kuguswa, kuswagwa na kutengwa na wenzake, ilihesabiwa kuwa kero ya mchungaji tu. Makala haya yanafuatilia jinsi hulka ilivyoingia katika sayansi ya nyama, na yanadai kwamba sera inayoangalia mbegu pekee hurekebisha nusu tu ya tatizo.

Akiba ya Misuli

Msingi uliwekwa Ufaransa mwaka 1857, Claude Bernard alipoitenga glaikojeni, wanga ambao mwili huuweka akiba. Katika miaka ya 1940, E. C. Bate-Smith na J. R. Bendall wa Cambridge walichunguza misuli ya sungura na kuonesha kuwa kasi ya kukakamaa baada ya kifo hutegemea akiba hiyo. Damu ikikoma kuzunguka, misuli huigeuza glaikojeni kuwa asidi laktiki, na pH hushuka kutoka takribani 7 hadi karibu 5.5. Akiba ikiwa imekwisha kabla ya kuchinja, asidi haitoshi. Nyama huwa nyeusi na huharibika upesi.

Kutoka Maabara hadi Zizini

Ni nini basi kinachoimaliza akiba hiyo? Njaa na mwendo vilitajwa kwanza. Hata hivyo, uchunguzi wa J. Howard na R. A. Lawrie kuhusu maksai, uliochapishwa mwaka 1956, ulielekeza macho kwenye hulka: mnyama mwepesi wa kutaharuki huweza kuichoma akiba yake akiwa amesimama, misuli imekaza.

Nchini Australia hoja hii ilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 1933 ng'ombe wa nundu waliletwa Queensland kutoka Marekani kwa kuwa walistahimili joto na kupe. Uzao wao ulipoenea, walilaumiwa kwa ukali na kwa nyama ngumu, kana kwamba yote mawili ni hukumu ya damu. Mwaka 1988 H. M. Burrow na wenzake walitoa kipimo rahisi: muda anaoutumia mnyama kuvuka mita 1.7 mara anapofunguliwa kutoka kwenye kibano. Hulka ikawa namba, na tofauti kati ya ng'ombe wa mbegu moja zikapimika.

Mwaka 1997 B. D. Voisinet, Temple Grandin na wenzao huko Colorado waliripoti kuwa, miongoni mwa ng'ombe chotara wa nundu, wale waliotaharuki zaidi walitoa nyama ngumu zaidi. Robo ya kundi hilo ilikaribia daraja la nyama nyeusi, ilhali kwa wengine kiwango kilikuwa chini ya asilimia 5.

Mipaka ya Hoja

Hulka haielezi yote. Ng'ombe wa nundu huwa na kalpastatini nyingi zaidi, protini inayozuia vimeng'enya vinavyolainisha nyama inapohifadhiwa. Aidha, pH na ugumu haviendi sambamba: nyama yenye pH ya takribani 6 mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote, ilhali ile inayozidi sana kiwango hicho huweza kuwa laini.

Hitimisho

Mfumo wa Australia wa kupanga madaraja ya nyama ulizingatia pande zote mbili. Unatambua mchango wa damu ya nundu, lakini pia unakataa nyama yenye pH inayozidi 5.7 na kuzuia kuchanganya makundi ya ng'ombe katika siku 14 kabla ya kusafirishwa. Afrika Mashariki, ambako wengi wa ng'ombe ni wa nundu, ina sababu ya kusoma historia hii kwa makini. Kubadili mbegu huchukua vizazi vya mifugo na fedha nyingi. Kupunguza fimbo, kelele na mchanganyiko wa makundi kati ya mnada na machinjio kunaweza kuanza msimu huu, na faida yake humfikia kwanza mfugaji ambaye ng'ombe wake wamekuwa wakilaumiwa kwa makosa ya njiani.