Bildi ya mjomba na picha za Rongui

Bildi ya mjomba ilikuwa kipande cha risasi chenye urefu wa kiganja, na kitako chake kilikuwa na kishimo. Kabla ya kuitupa majini alikijaza kishimo hicho mafuta ya ng'ombe. Tulikuwa tukishuka na kaskazi kutoka ghuba ya Palma, ambayo wazee wanaiita Tungi, kwenda dago Rongui. Kila tukikaribia kisiwa alisimama omo, akaitosa, akavuta kamba akihesabu pima, kisha akatazama kilichonata kwenye mafuta. Mchanga mweupe ulitupa ruhusa ya kuendelea. Vipande vya matumbawe vikitokea, alipiga kelele moja tu na sisi tukabisha upesi.

Vijana wote wa dagoni waliopanda chombo chake walifundishwa pale pale, kamba ikiwa mkononi. Hakumficha mtu mlango wa kuingilia, hata wavuvi wa Msimbati ambao hatukujuana nao. Alisema mwamba hauchagui chombo cha nani utakipasua.

Elimu hiyo haikuandikwa na sisi. Walioiandika walikuja na manowari mbili, Leven na Barracouta, chini ya Kapteni William Owen wa Uingereza, katika miaka ya 1822 hadi 1826. Nao walitosa bildi kama ya mjomba, ghuba baada ya ghuba, huku homa ikiwaua mabaharia wao. Vipimo vikaenda London, vikachapwa kuwa ramani za bahari, na ramani zikauzwa. Miaka 60 baadaye, mwishoni mwa 1886, Wajerumani na Wareno walikubaliana Ulaya juu ya mpaka wa eneo hili, na mapema 1887 Wareno wakaitwaa Tungi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar. Nayataja haya kwa sababu mtu anayeona picha za setelaiti ni jambo jipya kabisa atakosea. Pwani yetu imepimwa zamani sana. Kilichokosekana ni vipimo vyenyewe kuturudia.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha chombo ambacho baadaye kiliitwa Landsat 1. Kilizunguka kilomita 900 hivi juu ya ardhi na kurudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita, Mtwara. Wazazi wangu walikuwa wamevuka Ruvuma kukimbia vita, kwa sababu kwetu Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ndiko FRELIMO ilikoanzia mapambano dhidi ya Wareno mwaka 1964. Kwa hiyo kwetu kulianza kupigwa picha kutoka juu wakati wengi wa wenyewe hatukuwapo.

Picha hizo zilihifadhiwa kwenye ghala kuu karibu na mji wa Sioux Falls, jimbo la South Dakota, katikati ya mashamba, mbali na bahari yoyote. Mwanzoni bei yake ilikuwa ya kuvumilika. Kisha mwaka 1984 Marekani ikatunga sheria ya kuikabidhi kazi hii kwa biashara, na bei ya picha moja ikapanda hadi dola 4,400 hivi. Miaka miwili baadaye, Desemba 1986, Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kupiga picha ardhi kutoka angani. Kanuni ya 12 inasema nchi iliyopigwa picha ina haki ya kuzipata bila ubaguzi na kwa bei ya kuridhisha. Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi. Inakiri kwamba mwenye nchi ana haki, kisha inamwelekeza dirishani kulipa. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa hapo, katika neno bei.

Nilionja bei hiyo mwenyewe. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi wa upimaji ardhi, na nilitaka picha moja ya pwani kutoka Ruvuma kushuka hadi visiwa vyetu. Nilikwenda kwenye ofisi moja iliyokuwa ikiziagiza. Karani akanipa karatasi yenye bei kwa dola. Niliikunja nikaitia mfukoni, na nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: mshahara wangu wa miaka mitatu, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Rongui yenyewe ingekuwa doa dogo tu kwenye picha hiyo.

Pwani hii ya Waswahili ina kisa kingine, na kina jina letu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Wamarekani na Waitaliano walirusha setelaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kurushwa kwa kazi moja tu ya kupima mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Leo vipimo vya Uhuru viko kwenye hifadhi ya NASA iliyo wazi, na mwanafunzi wa Malindi anaweza kuvifungua bila kumwomba mtu ruhusa. Sijui kwa nini kisa hiki hakisimuliwi kila mwaka Desemba ikifika.

Upande wa Landsat, mabadiliko yalikuja taratibu. Sheria ya 1992 iliirudisha kazi serikalini. Landsat 7 iliporushwa mwaka 1999 picha ikauzwa dola 600. Halafu mwaka 2008 Idara ya Jiolojia ya Marekani ikatangaza kwamba picha zote, mpya na za zamani, zitatolewa bure kwa mtu yeyote mahali popote, na kufikia Desemba ghala lote likawa wazi. Mwaka 2001, uliokuwa mzuri kuliko yote kwa mauzo, ziliuzwa picha 25,000 hivi. Baada ya bei kuondolewa, mwaka mmoja tu ulitosha kuchukuliwa zaidi ya milioni moja. Hamu ilikuwapo siku zote. Wazungu wa Ulaya nao walipoanza kurusha setelaiti zao za Sentinel mwaka 2014, walizitoa bure tangu mwanzo.

Niliipata yangu mwaka 2009. Nilianza kuivuta baada ya sala ya isha, intaneti ikakatika, nikaanza upya, ikakatika tena. Adhuhuri ya kesho yake faili likatimia. Nikalifungua kwa rangi zile wanazotumia wapimaji, ambapo mimea huonekana nyekundu. Rongui ikatokea: ganda dogo jekundu lililozungukwa na samawati hafifu ya matumbawe, na nje yake buluu nzito ya kina kirefu. Doti moja ni mita 30, kwa hiyo chombo hakionekani, wala kibanda, wala mtu. Lakini kati ya samawati ile niliona mshipa wa buluu iliyokolea, nikaufuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Ulikuwa mlango wa mjomba. Alikuwa amekwisha kufariki.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, wiki sita tu baada ya Idai kuipiga Beira. Mtwara tulikuwa tumeonywa, shule zikafungwa. Kisiwa cha Ibo kilibomolewa sehemu kubwa. Mawingu yalifunika kila kitu, lakini rada za Sentinel-1 hupenya mawingu, na siku zile nilikaa nikivuta picha za visiwa nikiwaonyesha jamaa waliokuwa na ndugu huko. Hakuna aliyenidai senti.

Sasa haja ni kubwa zaidi. Mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, yametawanya watu wetu tena, wengine huku huku kuvuka Ruvuma kama wazazi wangu. Wengi hawana karatasi ya shamba. Picha ya miaka ya tisini haitaji jina la mwenye minazi, ila inaonyesha minazi ilikuwapo, na mzee mwenye kumbukumbu akikaa mbele yake ataonyesha mipaka ilikopita. Nimeshakaa na wazee watatu hivyo. Mmoja alihitaji dakika kumi kuizoea ile rangi nyekundu, kisha akaanza kutaja majina ya wenye mashamba mmoja mmoja mpaka kalamu yangu ikashindwa kumfuata.

Nimekusanya picha za Rongui, Metundo, Vamizi na ghuba yote ya Tungi, kuanzia za kamera ya kwanza ambazo doti moja ni kama mita 80, hadi za mwaka huu. Ziko Shangani, Mtwara, kwenye kompyuta yangu. Mwalimu, nahodha au mwenye shamba anayezitaka na aje na flashi, nitamnakilia, na kama ana mzee nyumbani anayezikumbuka sehemu hizo, tafadhali aje naye.