Mutoto akitolewa ndani ya mayi, hatari haijaisha

Katika lupango nyingi za Katuba watu wanachota mayi ya kisima. Kisima kisichofunikwa, ndoo iliyojaa, shimo la mayi ya mvula kati ya Novemba na Aprili: vyote vinaweza kuzamisha mutoto mdogo, tena bila kelele.

Akitolewa muzima, watu wanashukuru Mungu na kumulaza. Lakini mayi kidogo tu yakiingia katika mapafu, mapafu yanaweza kuvimba na pumzi inapunguka pole pole. Wengine wanaita hiyo “kuzama kukavu”. Tangu mukutano wa Amsterdam wa mwaka 2002, waganga wanaomba jina hilo liachwe: ni kuzama tu, na dalili zinaonekana mara moja ao kisha masaa machache. Hazijifichi kwa wiki nzima.

Kwa hiyo mutoto achungwe karibu masaa 8. Dalili ni hizi: kukohoa bila kuisha, kupumua mbio, mbavu kuingia ndani, kutapika, midomo kuwa ya buluu, usingizi usio wa kawaida. Ukiona hata moja, mupeleke hospitali, hata kama ni usiku.

Asipopumua, usimuning’inize kichwa chini wala kumukamua tumbo, inapoteza wakati. Ita watu, mulaze chali, mupulizie pumzi 5 kinywani, halafu sukuma kifua mara 30, pumzi 2, bila kuacha.

Na kisima, baba na mama, kifunikwe leo. Ndoo imwagwe kisha kufua.