Marillion na Mashabiki Waliolipa Mapema

Bendi ya Marillion ilizaliwa mwaka 1979 mjini Aylesbury, Uingereza, na mwaka 1985 albamu yake Misplaced Childhood ikashika namba moja nchini humo. Mwaka 1988 mwimbaji Fish akajiondoa. Bendi nyingi zingesambaratika hapo. Hii ikampata Steve Hogarth, na yupo mpaka leo.

Lakini sifa kubwa zaidi wanastahili mashabiki. Mwaka 1997 bendi haikuwa na fedha za kuzuru Marekani. Mashabiki wakachangishana kupitia intaneti, zikapatikana dola 60,000 hivi, na wazo hilo lilikuwa lao wenyewe!

Somo likaeleweka: zaidi ya watu 12,000 waliilipia albamu ya mwaka 2001, Anoraknophobia, kabla haijarekodiwa. Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi kwa njia kama hiyo, ilikuja kuanzishwa baadaye, mwaka 2009.