Mgogo wa Ihumwa aliyeipandisha ngonjera jukwaani

Anayetoka Buigiri kwenda Dodoma mjini huiacha Chamwino na Ikulu yake, akapita Mtumba palipojengwa Mji wa Serikali, kisha akaingia Ihumwa. Magari ya wizara hupita hapo kutwa. Sidhani kama wengi waliomo wanajua kwamba Ihumwa, katika kitongoji cha Muntundya, ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala, Novemba 18, 1917.

Alisoma shule za misheni ya Kikatoliki, akawa karani serikalini na baadaye hakimu. Kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo, ambacho Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1995. Ikafuata Diwani ya Mnyampala mwaka 1963. Mwaka huohuo akaiweka Injili katika utenzi, na miaka miwili baadaye akafanya hivyo kwa Zaburi. Kwa bara lililozoea kuambiwa kwamba ushairi ni mali ya pwani, hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini kilichomwingiza katika kila shule ya nchi hii ni ngonjera. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, vijijini walihitajika watu wa kulieleza. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waifanye kazi hiyo. Mnyampala, aliyekuwa akiongoza chama cha washairi, UKUTA, alikuwa na chombo mkononi. Katika ngonjera, wahusika wawili au makundi mawili husimama mbele ya watu, mmoja akiwa hajui jambo au analipinga, mwingine akimjibu, beti kwa beti, kwa vina na mizani, huku wakiigiza kwa mikono na uso. Katika malumbano ya magazetini washairi wangeweza kutupiana maneno bila kupatana. Katika ngonjera sharti mwisho wakubaliane.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Wapo waliosema Mnyampala hakuanzisha kitu, kwani kujibizana kwa mashairi kulikuwapo zamani. Wengine, hasa watu wa tamthilia, walilalamika kwamba mchezo ambao mshindi wake anajulikana tangu ubeti wa kwanza ni hotuba iliyovishwa vina. Watetezi wa ngonjera wakajibu kwamba mwananchi asiyejua kusoma hafuati tamthilia ya kitabuni, ila ngonjera huielewa akiisikia mara moja, na mtoto huenda nayo nyumbani kichwani. Mimi naona kila upande una haki yake. Ngonjera nyingi kweli huhubiri. Lakini ni sanaa gani nyingine ya jukwaani iliyoigizwa na watoto wengi kiasi hicho, bila jengo la maonyesho wala senti ya kiingilio?

Mwenyewe hakuyaona mavuno. Alifariki Dodoma, Juni 8, 1969, akiwa na miaka 51. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, redio ikihimiza vyoo na maji safi, na kuanzia hapo choo na malaria, na baadaye UKIMWI, vikawa mada za kawaida za ngonjera. Mswada wa tawasifu ya Mnyampala, Maisha ni Kugharimia, ulichapishwa mwaka 2013.

Leo ngonjera imebaki kuwa ya kumkaribisha mgeni rasmi. Watoto husimama juani, huimba sifa zake, hupigiwa makofi, basi. Tatizo si umbo la Mnyampala, ni uvivu wetu wa kulitumia. Yeye alimpa mpinzani nafasi ya kusema kabla ya kumshawishi. Walimu wa Buigiri na Chamwino wanaoandaa ngonjera za sherehe zijazo wamrudishe huyo mpinzani, aulize kuhusu maji, ardhi na fidia, na mgeni rasmi asikie.